Pale Mama Alipoweka Kiti

Mama alizunguka nyumba yote, chumba hadi chumba, mkono wake ukipapasa kuta kama anayemkagua mtoto aliyerudi safari. "Mashallah," alisema jikoni. "Mashallah," akasema tena bafuni, akafungua bomba, akalifunga. Aliporudi sebuleni alilitazama kochi jipya, akalipita. Akachukua kiti kimoja cha meza ya kulia, akakibeba mwenyewe hadi mlango wa mbele, akakiweka kizingitini, akaketi akiipa nyumba mgongo.

Alikaa pale hadi Magharibi.

Chai nilimpelekea pale pale, na viazi karai pale pale. Nilipomwambia aingie ndani akae vizuri, alinijibu bila kugeuka: "Hapa pazuri, mwanangu."

Ilikuwa Februari. Tulikuwa na wiki tatu tangu tuhamie Kiembeni, hapa Mombasa, na miaka sita tangu tuchimbe msingi. Miaka sita ya kununua mawe lori moja moja, ya kusimamisha kazi ada za shule zikifika na kuanza tena. Nilikuwa nimeiwazia sana siku ya kumwonyesha Mama nyumba hii. Kila nilipoiwazia, nilimwona amekaa ndani.

Kile kiti kilinikaa rohoni wiki nyingi.

## Shimo la kwanza

Siku chache kabla ya Mama kuja nilikuwa nimeazima drili kwa shemeji yangu. Nilitaka kutundika rafu tatu sebuleni. Nikapima, nikachora alama kwa penseli, nikachomeka drili kwenye umeme, nikasimama mbele ya ukuta. Kidole kikakataa kubonyeza.

Ukuta ni wangu. Hati ya kiwanja imo kabatini, ina majina yetu. Hakuna wa kunigombeza. Lakini nilisimama pale mpaka mkono ukachoka, nikaichomoa drili, nikaenda kupika.

Nimekulia Kisauni, katika nyumba iliyokuwa yetu juu ya ardhi isiyokuwa yetu. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa mengi hapo. Kodi ya ardhi kila mwezi, risiti kwenye kopo la biskuti, na sharti moja tulilolijua hata sisi watoto: usijenge kwa mawe. Fito, udongo na makuti, halafu baadaye mabati. Vitu vinavyoweza kuondolewa. Mwaka mmoja Baba alimwaga simiti kidogo ukumbini ili vumbi lipungue, na kabla ya wiki kwisha mtu alitumwa kuja kuuliza anakusudia nini. Wenye kuifuatilia historia hii hurudi hadi sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowaandikia ardhi waliopeleka madai na kuwaacha wengine wakiishi mahali ambapo karatasi inasema si pao. Sisi hatukuisoma sheria hiyo. Tulijua tu kwamba ukutani hapapigwi msumari, kwa sababu udongo hubomoka, na kwa sababu hujui utakaa mpaka lini.

Mama alitundika kila kitu kwa kamba ya makumbi kutoka kwenye boriti za paa. Kioo, kapu la vikombe, kalenda, picha ya harusi. Upepo ukiingia, nyumba nzima ilicheza polepole.

Kwa hivyo nilipomwona kizingitini nilijitungia maelezo, nikayaamini. Nilisema moyoni: Mama hajawahi kuiamini nyumba. Amekaa miaka arubaini mahali anapoweza kuambiwa aondoke, na sasa hata ndani ya nyumba ya mawe ya bintiye anakaa karibu na njia ya kutokea. Yalikuwa maelezo mazito na yalinitia huzuni, na nadhani nilikuwa nikieleza zaidi habari za mkono wangu na ile drili kuliko habari za Mama.

Shimo nililitoboa baadaye, usiku, watoto wamelala. Sikujua jambo ambalo kila fundi wa Pwani anajua: mawe yetu ni matumbawe ya kale, miamba iliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na ndani yana matundu kama sponji. Drili ilikuwa imewekwa kwenye kugonga. Tundu nililolitaka la milimita 8 lilifumuka likawa la kuingia kidole gumba, na vumbi jeupe likamwagika miguuni. Nililia kidogo. Kisha nikamulika tundu kwa simu, na mle ndani, kwenye jiwe, palikuwa na simbi ndogo nzima, mistari yake yote ikionekana.

Sikuliziba kwa siku mbili.

Sasa najua. Unazima kugonga, unaanza na ncha ya milimita 6, unaisukuma taratibu. Plagi ya plastiki iwe ndefu, ipite plasta na kuingia kwenye jiwe lenyewe. Usitoboe karibu na kiungo cha mawe mawili. Na skrubu iwe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, maana skrubu ya kawaida hewa hii ya chumvi itaila mpaka ukuta uanze kutokwa na machozi ya kahawia.

## Picha za watu wengine

Baada ya shimo la kwanza nilipata ujasiri, na ujasiri ule ulinigharimu.

Nilikuwa nimekusanya picha mtandaoni kwa miaka sita. Karatasi za ukutani zenye majani makubwa. Kabati la televisheni la MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa. Ukuta mmoja wa rangi ya kijani iliyokolea. Nilifanya yote mwenyewe, kwa mikono yangu, mume wangu akinishikia ngazi. Karatasi zilianza kuachia pembeni kabla ya mwezi kwisha. Kabati lilivimba chini, pale sakafu inapopigwa deki, likachanua kama mkate ulioanguka kwenye chai. Kila picha niliyoipenda ilipigwa katika nchi ambako ukuta haujui chumvi.

Ule ukuta wa kijani ndio ulionifundisha zaidi. Kwenye ujia wa kuelekea vyumbani rangi ilianza kutoa malengelenge, na nilipoyachokoa palitoka unga mweupe mwepesi kama poda ya mtoto. Nikapaka tena, na unga ukatoka tena. Kumbe wakati wa plasta maji matamu yalipokosekana, fundi alitumia ya kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Chumvi ile imo ndani ya ukuta. Unyevu unapotafuta njia ya kutoka huibeba hadi juu, na rangi ya plastiki ikiwa imeziba njia, unyevu huisukuma rangi ikabanduka.

Dawa yake ilinishangaza kwa kuwa naijua tangu utotoni. Nilikwangua rangi yote ya ujia ule, siku tatu za kazi, bega likawaka moto. Unga nikaupangusa kwa brashi kavu. Ukiuosha, maji huirudisha chumvi ndani. Nikauacha ukuta wiki mbili nikipangusa kila asubuhi. Kisha nikapaka chokaa.

Chokaa ile ile ambayo Mama alikuwa akiikoroga kwenye ndoo kila Ramadhani ikielekea ukingoni, ili Idd itukute weupe. Nilipaka mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka siku nzima. Ikiwa mbichi haionekani kitu, ni kama umepaka maji ya wali, na moyo unaweza kukuvunjika. Inapokauka huivuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na kila saa inazidi kuwa nyeupe. Haizibi ukuta. Vaa miwani na ufunike mikono, maana jichoni inachoma vibaya. Ujia wetu sasa una weupe ambao hakuna kopo la dukani linaloutoa, na kidole ukikipitisha unahisi ubaridi.

## Inchi 6

Jambo nililolitamani kuliko yote ni vidaka. Waamu huviita zidaka: safu za vishubaka ukutani, kimoja juu ya kingine, vya kuwekea vyombo vya kauri na misahafu. Niliwahi kuviona Lamu nikiwa mwanafunzi. Na kule Gede, katika magofu, nilitia mkono kwenye kidaka cha taa ambacho mtu wa mamia ya miaka iliyopita alikuwa akikiwasha jioni. Nilitaka kimoja, hata kimoja tu, kwenye ukuta wa sebule unaotazama mlango.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya useremala Mji wa Kale maisha yake yote, akitengeneza milango na madari. Nilimwita aje aone mahali nilipochora. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Huu ni wa inchi ngapi?"

"Sita, Mzee."

"Ukichimba nne, zitabaki mbili. Na ukuta umebeba dari." Akauacha mkono wake pale kwenye penseli yangu. "Zile kuta za Lamu ni dhiraa nzima, mwanangu. Na kidaka hakikuchimbwa. Kilijengwa pamoja na ukuta."

Kisha akaketi na kunieleza jambo ambalo limebadilisha jinsi ninavyoitazama nyumba yoyote. Vyumba vya majumba ya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki mbali, haifiki mita tatu. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Unene wa ukuta uliamuliwa na mawe yasiyo na umbo, yaliyoshikwa kwa chokaa. Vichochoro vikawa vyembamba ili kila nyumba iitilie kivuli jirani yake. Hakuna aliyekaa akachagua mtindo. Walijenga kwa kilichokuwapo na kwa jua lililokuwapo.

Nikamuuliza, na hii yangu iliamuliwa na nini?

Alitazama huku na huku kwa upole. "Na mchoro," akasema.

Ni kweli. Mchoro tuliununua tayari, vyumba vitatu na sebule. Aliyeuchora hakujua mlango utatazama wapi.

Kidaka nilikiacha. Nilitengeneza kisanduku cha mbao cha kina cha sentimita 12, nikakifunga juu ya ukuta na kukizungushia plasta kingo zake mpaka kikaonekana kimetoka ukutani. Msahafu wa Baba umo humo. Kinapendeza. Lakini kila nikikipita najua ni kitu kilichobandikwa, na wala sioni haya kulisema hilo, maana kukijua kumenifanya nitafute kitu ambacho nyumba hii inaweza kukizaa yenyewe.

## Nilimuuliza

Ilikuwa katikati ya Machi, joto limefika pale ambapo hata shuka ni adui. Nilikuwa nimelala sakafuni sebuleni saa nane mchana, na nikamwona mwanangu mdogo amelala kizingitini, shavu kwenye simiti, pale pale palipokuwa na kiti.

Nikampigia Mama simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo marefu. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba hii haiondoki, kwamba hakuna mtu atakayetumwa kuja kuuliza tunakusudia nini, kwamba kuna chumba chake na kitabaki chake. Nikaanza kwa kumuuliza kwa nini siku ile alikaa mlangoni.

"Joto, mwanangu," akasema. "Upepo u pale mlangoni. Huko ndani hakwingii."

Nilinyamaza.

"Nyumba hino nzuri," akaendelea, "lakini upepo ukiingia hauna pa kutokea. Wataka uingie ukafanye nini?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata. Wiki tano nilikuwa nimembebesha Mama huzuni ambayo hakuwa nayo, na wakati wote huo alikuwa ameisoma nyumba yangu kwa nusu saa vizuri kuliko mimi kwa miaka sita. Zile Mashallah za kupapasa kuta zilikuwa vipimo. Mlango wetu wa mbele unatazama kaskazini. Februari kaskazi huvuma ikagonga mlango ule na kuishia hapo, kwa sababu kila mlango wa ndani ni ubao mtupu na tunaufunga, na wa jikoni nyuma tunaufunga kwa sababu ya mbu.

Sisemi kwamba ile habari ya ardhi si kitu. Iko, na ninaibeba. Ila haikuwa ndani ya kile kiti.

## Karai moja kwa manne

Nilianza na baraza, kwa kuwa kama watu watakaa mlangoni, basi wakae mahali pa kukaa.

Tulichimba sentimita 30 kando ya ukuta wa mbele, mimi na mume wangu, tukashindilia mawe madogo kwa kigogo. Juu yake mawe ya timbo, safu mbili, hadi sentimita 45 kutoka chini, urefu ambao goti la Mama linaukubali. Upana sentimita 55, ili mtu aweze kupandisha mguu. Mchanganyiko karai moja la simiti kwa makarai manne ya mchanga wa mto. Usawa tuliupima kwa mpira wa maji, kama mafundi, kisha tukauinamisha kidogo upande wa nje ili mvua isituame. Maji nilinunua kwa mkokoteni, mitungi kumi, nikaonja kila mtungi kabla haujaingia kwenye simiti. Mwenye mkokoteni alinitazama, nikamwonyesha ule ukuta wa ujia, akaelewa.

Juu tulimaliza kwa simiti nyekundu, ile ya sakafu za zamani, iliyosuguliwa kwa mwiko ikiwa bado inashika. Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Ukisugua mapema inachafuka, ukichelewa inakataa. Nilikaa nikiigusa kila dakika kumi kwa mgongo wa kidole tangu saa tatu hadi saa saba, na sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kuliko ile. Baadaye tuliifunika kwa magunia na kuimwagilia asubuhi na jioni siku 7.

Magunia yalipoondoka, jioni ile ile, wazee wawili wa mtaa waliokuwa wakitoka msikitini walisimama, wakatoa salamu, wakaketi. Hawakuuliza. Miezi miwili tulikuwa tukisalimiana kwa mbali kupitia geti.

Milango ilichukua muda zaidi. Milango ya paneli ina ubao wa juu unaoweza kutolewa bila kuudhuru mlango; nilitoa wa vyumba viwili vya ujiani na wa jikoni. Mzee jirani alinipa mabaki ya mbambakofi, na akanifundisha kusuka kimia, vipande vyembamba vinavyopishana, chumba kionekane giza kutoka nje lakini hewa ipite. Mbambakofi ni mti mgumu. Msumari hupinda ukauaibisha mkono. Lazima utangulize tundu, kila kiungo, na kila skrubu ya shaba uipake sabuni ndiyo iingie. Kimia cha kwanza kilinichukua Jumamosi nne. Cha tatu kilinichukua moja. Kwenye mlango wa jikoni niliongeza wavu wa mbu kwa ndani.

Siku niliyokipachika cha mwisho, pazia la sebule, ambalo lilikuwa limening'inia kama nguo iliyolowa tangu tuhamie, lilijitikisa. Likajaa. Nikamwita mume wangu aje aone.

## Juni

Mama alikuja tena mwezi wa Juni, baada ya mvua kubwa. Alikuja na kumbi mbili za nazi kwenye kikapu, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza habari ya simiti nyekundu kwenye simu. Kabla ya chai alipiga magoti, akaisugua baraza kutoka pembe hii hadi ile, akaipitishia kitambaa. Ikang'aa. Akapapasa ile pembe ambayo nilijua haikunyooka.

"Umeijenga wewe?"

"Mimi, Mama."

"Kwa mawe."

"Kwa mawe."

Hakusema zaidi. Aliuacha mkono wake pale juu ya simiti kidogo.

Kisha akanyanyuka, akaingia ndani. Nikamsikia akiburuta kiti cha meza ya kulia. Nikamfuata. Alipita sebuleni, akapita ujia wa chokaa, akafika jikoni, akaufungua mlango wa nyuma, ule unaotazama kusini, akakiweka kiti kizingitini na kuketi. Upepo ulikuwa umegeuka. Kusi ilikuwa ikiingia kwa nguvu pale, ikipita kwenye kanga yake, ikipita kwenye vimia vya vyumbani, na mwisho wa nyumba nilisikia mlango wa mbele ukigonga taratibu.

"Njoo ukae," akasema, akinionyesha chini kando ya kiti chake, kwenye udongo mtupu nje ya jikoni.

Nikaketi. Baadaye kidogo nikaenda kuchukua tepu, nikapima kutoka kwenye kizingiti hadi kwenye tangi la maji. Mita mbili na robo.